Siku Niliyokuwa Punda wa Majaribio Olbalbal

Nimetembea nchi hii kuliko wengi wenu (Mererani nimechimba, Mpanda nimeuza misumari, Kibaya nimefundisha watu wazima kusoma), na karibu kila mahali nilipopita naweza kurudi kifua mbele, isipokuwa Olbalbal. Gari likishaizunguka kreta ya Ngorongoro na kuanza kuteremka kwenye lile vumbi, mimi huvuta kofia usoni nikajifanya nimesinzia, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kwa hofu kwamba mama yeyote aliyesimama njiani na madumu yake atanitambua na kuwaambia abiria wote nilikuwa nani. Nilikuwa punda. Sisemi kwa mfano. Nilikuwa punda kwa robo tatu ya saa, mbele ya kijiji kizima na mgeni rasmi kutoka wilayani, na nilipakiwa maji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya sukari ya foleni, mimi nina miaka ishirini na mitatu na cheti cha kidato cha nne, kibarua katika karakana moja ya Arusha iliyokuwa ikibuni zana za vijijini: mashine za kupukuchua mahindi, majiko, mikokoteni. Mkuu wetu alikuwa Mhandisi Temu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kwamba hakukubali tukate hata bomba moja kabla hatujakaa na mtu atakayekitumia hicho kitu. "Usimuulize tu," alikuwa akituambia, "mtazame akifanya. Kazi aliyoizoea hawezi kukueleza yote, mengine hata hajui kwamba anayafanya." Sisi vijana tulikuwa tukimwitikia kwa adabu, akigeuka tunaendelea kuchomelea.

Basi siku moja ikaja kazi ya tandiko la punda la kubebea maji, kwa ajili ya akina mama wa Olbalbal, ambao kiangazi walikuwa wakipanda na punda wao hadi chemchemi za mlimani na kurudi, na siku nzima imeishia hapo. Mhandisi akaniita ofisini.

"Bura, hii ni yako. Nenda ukakae nao siku nne. Fuatana nao majini, pima punda wao, jaza fomu kumi na mbili, kila fomu mama mmoja. Halafu tengeneza tandiko moja la majaribio tukawaonyeshe. Wakilikubali, siku hiyohiyo naandika barua yako ya ajira ya kudumu."

Ajira ya kudumu! Miaka miwili nilikuwa kibarua wa kutwa, na baba yangu kule kijijini kwetu Daa alishawatangazia watu kanisani kwamba mwanawe ni mhandisi, kwa hiyo ilibaki karatasi tu ya kumwokoa mzee asionekane mwongo.

Lori likanishusha Karatu, na siku hiyo ilikuwa ya mnada. Nikaingia hotelini nipate chai kabla ya kutafuta usafiri wa kuvuka lango la Ngorongoro, nikakuta wazee watatu wa Kimasai wametoka kuuza dume, wanakunywa chai ya maziwa taratibu. Nikawasalimia, nikawauliza wametoka wapi.

"Olbalbal," akasema mmoja, mrefu, jina lake Mzee Loshiro.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopotea. Nikajiuliza, kwa nini niifuate Olbalbal kwenye vumbi na Olbalbal yenyewe imeketi hapa inakunywa chai? Nikaagiza duru nyingine na maandazi, nikatoa fomu.

"Mzee, punda hupakiwaje?"

"Vizuri sana."

"Anabeba kiasi gani?"

"Kiasi chochote."

"Na akina mama wanapata shida gani?"

Mzee Loshiro akafikiri sana. "Hakuna shida," akasema. Mwenzake akaongeza, "Wanachelewa kurudi."

Nikaandika yote. Kisha nikauliza kimo cha punda mgongoni, na mzee akanitazama juu mpaka chini kama mtu anayenunua. "Piga magoti," akasema. "Shika chini. Inua kiuno kidogo. Kidogo tena. Hapo! Huyo ndiye punda." Wenzake wakakubaliana naye, ila mmoja aliona masikio yamepungua. Nikawapa kamba ya kupimia, wakanipima pale pale sakafuni, wahudumu wakipita juu yangu na vikombe.

(Mtaniuliza, Karatu nzima punda wamejaa wanapeleka mahindi mashineni, kwa nini hukupima hata mmoja? Swali zuri. Punda wa jirani yetu alinipiga teke la paja nikiwa darasa la pili, na tangu hapo mimi na punda tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali.)

Siku tatu zilizobaki nilizimalizia Endamarariek kwa shangazi yangu, nakula na kujaza fomu. Nilibuni akina mama kumi na wawili. Niliwapa majina, niliwapa umri, mmoja nilimpa hata jino bovu. Wa saba nilimwita Nanyori, na kwa kuwa siku hiyo shangazi alikuwa amepika vizuri, nikamtilia maneno matamu mdomoni: "Ningependa nikifika nyumbani nisihangaike kushusha debe, nifungue tu koki maji yatoke."

Mhandisi Temu alipoisoma fomu ile alivua miwani. "Huyu mama wa saba ana akili ya kihandisi," akasema. "Lazima nikutane naye." Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemeza mfupa.

Nikalitengeneza tandiko: fremu ya mabomba, debe moja kila upande, koki upande wa kushoto (zawadi kwa Nanyori), na mkanda wa turubai unaopita chini ya tumbo na kufungwa kwa bizimu. Mhandisi alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano, karakana haina punda, kwa hiyo tulilijaribu kwangu mimi. Nikatambaa kuizunguka mashine ya kuchongea chuma mara mbili, madebe yakiwa matupu. Lilinikaa kama suti ya harusi. Kwenye ripoti nikaandika, "Limejaribiwa, linafaa."

Siku ya maonyesho ikafika. Olbalbal ilikuwa imekauka, upepo unazungusha vumbi, na watu wamejaa: akina mama na shanga zao mbele, wazee kwenye vigoda upande wa pili, mgeni rasmi katikati ndani ya suti ya Kaunda. Akatoa hotuba juu ya kumtua mama mzigo. Kisha akaletwa punda jike wa kijivu, mnene, macho ya usingizi. Nikalinyanyua tandiko kumwendea, na akina mama wakaanza kucheka kabla hata halijamgusa. Nikadhani ni furaha.

Mgongo wangu, kama mnavyouona, ni bapa. Mgongo wa punda una ukingo katikati kama paa la nyumba, na tumbo lake ni pipa. Tandiko likakaa juu yake likiyumba, na mkanda ukafika nusu ya tumbo ukakoma. Nikavuta. Punda akageuza shingo, akanitazama, akapiga hatua tatu mbele bila haraka, akatoka chini ya tandiko kama mtu anayetoka mlangoni. Tandiko likaanguka, pwaa.

"Lakini ripoti inasema limejaribiwa," akasema mgeni rasmi.

"Lilijaribiwa kwa punda yupi, Bura?" akauliza Mhandisi, bado kwa upole.

"Kwa punda wa... wa wastani," nikajibu.

Mhandisi akawageukia akina mama. "Samahani, mama zangu. Nanyori yuko hapa? Yule aliyesema anataka koki?"

Nilisali Nanyori asiwepo. Wakasimama wawili wenye jina hilo. Mmoja binti wa juzi tu, na mwingine bibi mkavu mwenye fimbo, ambaye wote walikuwa wakimwita Koko, yaani bibi kwa Kimasai. Bibi akanisogelea, akanikagua.

"Huyu?" akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Huyu simjui. Hajakanyaga hapa. Nani amempa maneno yangu?"

Wazee wakaanza kutazama mawingu ambayo hayakuwepo. Mimi, kwa woga, nikamnyooshea kidole Mzee Loshiro. Ni yeye, nikasema, ndiye aliyenieleza mambo yote ya punda, kule Karatu, hotelini.

Hapo Olbalbal ililipuka. Kumbe kwao kumpakia punda ni kazi ya wanawake tangu dunia iumbwe, mwanaume hamgusi, na wote walilijua hilo isipokuwa mtu mmoja aliyelipwa alijue. Akina mama walicheka wakashikana mabega.

"Loshiro! Wewe? Tangu lini unajua kichwa cha punda kiko upande gani?"

Mzee Loshiro akajibu akiwa ameketi na heshima yake yote. "Mimi nilijibu nilivyoulizwa. Hakuniuliza kama nimewahi kupakia."

Mgeni rasmi akakunja uso, akasema asingependa kurudi wilayani bila kuona chombo kikifanya kazi, maana watamwuliza. Koko Nanyori akaliinua tandiko kwa ncha ya fimbo, akalipima kwa jicho, akanipima mimi. "Hili lina mwenyewe," akasema. "Avae."

Nikamtazama Mhandisi anitetee. Alikuwa anatafuta kalamu.

Nikapiga magoti. Lilinikaa vizuri, siwezi kusema uongo tena. Akina mama wawili wakaja, mmoja kila upande, wakanipakia kwa pamoja, debe na debe, kwa mpigo mmoja, na bizimu likafungwa tumboni. Madebe yalikuwa yamejaa. Ndugu zangu, maji ni mazito. Na hapo ndipo nilipogundua kosa la kwanza la usanifu: kufungua lile bizimu kunahitaji mikono miwili, na mikono yangu miwili ilikuwa kazini kama miguu ya mbele.

"Osikiria!" wakapiga kelele akina mama, jina la punda kwa Kimasai, "Osikiria, twende!" Koko akanigonga kidogo kwa fimbo, nami nikaenda. Nikaenda hatua nne za magoti na mawe yote ya Olbalbal yalikuwa yamekusanyika pale. Mhandisi Temu akasogeza kigoda chake akawa anatembea nacho pembeni yangu, akaketi kila niliposimama, akafungua fomu mpya ya maswali.

"Swali la kwanza. Mzigo unakuumiza wapi?"

"Begani, Mhandisi. Na kiunoni. Bomba la nyuma linakata."

"Linakata," akaandika. "Swali la pili. Ukipanda mwinuko inakuwaje?"

"Mhandisi, nakuomba unifungue."

"Hilo ni swali la tisa, tutafika."

Kisha koki ikaanza kuvuja. Mbuzi kwenye kiangazi hasikii maji, anayanusa, na dakika haikupita nilikuwa na mbuzi kama kumi wakinilamba ubavu, na ndama mmoja, na mwishowe yule punda jike wa kijivu akaja taratibu, akawasukuma mbuzi, akaiweka koki mdomoni akaanza kunywa. Alikunywa huku ananitazama. Na kwa kuwa maji yalikuwa yakitoka kushoto tu, kulia kukazidi uzito, nikaanza kuinama kidogo kidogo kama meza iliyovunjika mguu, nikimweleza Mhandisi kwa sauti ("Naelemea kulia! Andika! Koki haifai! Andika!"), mpaka nikaanguka ubavu, debe la kulia likafunguka likaninywesha mimi. Mgeni rasmi alikuwa amejifunika uso kwa hotuba yake, mabega yakitetemeka.

Walionifungua ni akina mama. Lakini walinifungua wakifundisha: Koko alionyesha mgongoni kwangu mahali panapotakiwa ngozi laini, mwingine akaeleza kwamba debe hushushwa kila penye korongo ili punda asiteleze, kwa hiyo mafundo lazima yafunguke kwa mkono mmoja, mwingine akasema juu katikati panatakiwa nafasi ya mwana-mbuzi aliyechoka. Mhandisi aliandika mpaka karatasi zikaisha, akaandika nyuma ya hotuba ya mgeni rasmi.

Tulipokuwa tunapakia Land Rover nikamfuata, nimelowa, magoti yanavuja damu.

"Mhandisi, na ile barua?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Bura, leo umefanya kazi nzuri sana. Lakini umeifanya kama punda, na nafasi niliyonayo ni ya fundi." Akanishushia blanketi na fomu kumi na mbili tupu. "Gari litakufuata baada ya siku nne."

Nilikaa siku nne. Nilipanda na akina mama hadi chemchemi na kurudi, nikipima punda waliokubali kupimwa, na kila alfajiri Koko Nanyori alikuwa akiuliza kwa sauti ni nani anayenipakia leo. Tandiko lililotokana na siku zile lilikuwa la ngozi na fito, halikuwa na koki wala bizimu, na walilikubali. Kazi ya kudumu alipewa mwenzangu aliyelishona. Baba yangu nilimwandikia kwamba nafasi imechukuliwa na mtu mwenye uzoefu zaidi wa wanyama, nami nikaanza safari zangu hizi ambazo hazijaisha.

Tangu hapo sijajibu tena kwa niaba ya mtu. Hata leo mke wangu akiniuliza kutoka jikoni kama watoto wanataka ugali au viazi, na mimi nimeketi, nimechoka, na jibu nalijua kabisa, naweka kikombe chini, nainuka, natoka nje kwenda kuwauliza mmoja mmoja. Yeye huniona nimerogwa. Sijawahi kumweleza kwa nini.