Ganda la Dawa ya Babu Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai kwetu Gakindu, ukungu umelala juu ya kahawa, baba yangu akisaga dawa ya pumu kwenye jiwe lake la ugoro. Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu ulipokuja likizo baba zako wadogo walikucheka, ati umeenda chuo kikuu kusomea maganda ya dawa. Uliinamisha kichwa, na juzi ukaniambia unataka kubadilisha masomo. Mimi niliishia darasa la saba, huenda nikakosea mahali. Lakini hili nililiona.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa ametoka hospitalini Nyeri na vidonge vya rangi mbili, ndani vimejaa punje ndogondogo. Aliambiwa ameze kimoja asubuhi, kingine jioni. Yeye akafungua vyote viwili, akasaga zile punje zikawa unga, akaukoroga kwenye uji.

"Baba, si walisema umeze?"

"Wewe, kahawa unakunywa na maganda yake?"

Nikacheka, nikaona ana akili. Sitaki umdhanie mjinga. Maisha yake yote kitu cha maana kilikuwa ndani, ganda lilitupwa shambani.

Kabla ukungu haujaondoka alikuwa anatapika, mikono inatetemeka, moyo unamwenda mbio hadi unauona juu ya shati. Mama akaanza kuomba kwa sauti. Tukamlaza nyuma ya pikapu ya jirani kumrudisha hospitalini, mimi nimeshika kichwa chake, na njia nzima nilidhani tutarudi na maiti.

Hakufa. Alipoweza kukaa, daktari aliyempa vile vidonge, kijana wa kutoka Kakamega, akamgombeza. "Mzee, hizo punje zimevikwa ganda ili ziachilie dawa polepole mpaka jioni. Wewe umeimwaga yote mara moja!"

"Na hiyo maneno uliniambia lini?"

Daktari akavuta kiti. "Sikukuambia, mzee. Hapo nilikosa."

"Basi tumekosa wawili. Lakini aliyetapika ni mimi."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu wakacheka, hata daktari mwenyewe. Tangu siku hiyo baba alimeza vidonge vizima, akaishi mpaka akakubeba wewe.

Sasa wewe unanieleza habari za vifuko vya mafuta visivyoonekana kwa macho, na sukari iliyoungana kama pete ili dawa ikae katikati isiharibike njiani. Sikuelewa yote, na sijui kama utafiti wenu utafaulu; wewe mwenyewe ulisema bado mnajaribu. Ila usiuache kwa sababu ya kicheko. Na baba zako wadogo usiwachukie, wao hawakuwa kwenye ile pikapu. Nakushauri hivi: tengeneza hilo ganda kwa bidii, kwa maana kuna mtu litamweka hai. Ukishalitengeneza, usiishie hapo. Keti na mgonjwa, mweleze kwa lugha anayoijua limewekwa la nini, umwache akuulize mpaka aridhike.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na mdomo wako usichoke kueleza.