Jembe la Mdogo Wangu

Nilirudi nyumbani najiona mtu mkubwa. Naliungama mapema, nisije nikajipamba huko mbele. Nilikuwa nimekaa Ulaya muhula mmoja tu, katika nchi ya kaskazini ambako jua la Januari huchungulia kidogo na kwenda zake, kwa sababu chuo chetu kilikuwa na utaratibu wa kubadilishana wanafunzi na chuo cha huko. Miezi sita kasoro. Lakini ungenisikia nilivyokuwa nikimsimulia jirani yangu kwenye basi kutoka Dar es Salaam, ungedhani nimezaliwa huko na nimekuja kuitembelea Tanzania. Yule mama wa watu alilala tulipofika Chalinze, na mimi sikunyamaza mpaka Morogoro.

Kwetu ni Mbebe, milimani Ileje. Siku hizi tunahesabiwa Songwe. Wakati ule tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, tena ile Mbeya ya mwisho kabisa ambayo wakubwa huitaja kwenye hotuba wakiwa wameshaanza kukunja karatasi. Wasichana nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu niliyempita miaka miwili, na tulilala kitanda kimoja tangu utoto. Mimi nilikwenda bweni tangu kidato cha kwanza. Yeye aliishia darasa la saba, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa mwaka ule mama aliugua na ilibidi mtu abaki. Jambo hilo hatukuwahi kulizungumza. Kila likizo nilimkuta ameshanifulia shuka na kuniachia upande wa ukutani, ambao ni wa joto.

Basi, nilikuwa nimeahidi kwamba Jumanne nitakuwa nyumbani. Mtu anayekwenda Ileje, kama ana akili zake, hushuka Mpemba na kutafuta gari la kupanda milimani. Mimi nikapitiliza hadi Tunduma, kwa rafiki niliyesoma naye sekondari, ambaye alikuwa anauza vitenge karibu na mpaka. Nilijidanganya kwamba nataka kununua zawadi. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu wa kumsimulia kabla sijafika kwa watu watakaonipa jembe au ndoo. Nikakaa pale siku mbili, nikinywa soda kwenye kibanda chake katikati ya foleni ya malori, Wazambia wakipita na salamu zao za mulishani, nami nikieleza habari za theluji kwa kila aliyesimama kuulizia bei.

Simu sikuweza kupiga, maana laini yangu ilikuwa imefungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Nasema sikuweza, ningeweza kuazima ya rafiki yangu. Nilifikiri, wataniona nikifika. Jumatano ikapita.

Alhamisi asubuhi nikapata pikapu, nikapanda nyuma na magunia ya chumvi, ukungu wa Julai ukinichapa usoni, na moyo wangu kwa kweli ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimewakumbuka. Hilo lilikuwa kweli kabisa chini ya yale majivuno yote. Nilimkumbuka mama, nilimkumbuka baba na kukohoa kwake kwa makusudi kabla hajaingia ndani, na zaidi ya wote nilimkumbuka mdogo wangu.

Nilipofika nyumbani sikukuta mtu. Lakini uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Viti vya kuazima kutoka kanisani vimepangwa nusu duara, kimoja kimewekewa kitambaa cha kufuma. Jikoni kuku wawili wamefungwa miguu wakisubiri siku yao. Nikasimama katikati ya uwanja machozi yakinilengalenga. Nikasema moyoni, jamani, yote haya kwa ajili yangu. Nikaenda nikakaa kwenye kile kiti chenye kitambaa.

Hata nusu saa haikupita, wakaja wanawake wawili wa makamo, wamevaa vizuri, vumbi limewapanda hadi magotini. Sikuwajua. Nikawaamkia, wakaitikia, na kwa lafudhi yao nikatambua ni Wasukuma, wale watu wa ng'ombe waliohamia bondeni Momba. Walisema wametoka upande wa Chitete, wamebahatika kupata lori tangu alfajiri, ndiyo maana wamewahi. Mwenzao wa tatu, mzee, alikuwa bado anapanda kilima taratibu kwa sababu ya magoti. Kisha mmoja akatoa kifurushi kilichofungwa kwenye kanga mpya, akakiweka kizingitini mwa mlango wetu, akarudi kukaa. Wote wawili wakanyamaza, mikono mapajani, wakinitazama.

Sasa, yule bibi niliyepanga chumba kwake kule Ulaya alinifundisha jambo moja kwa msisitizo. Mtu akikuletea zawadi, usiiweke kando kama tunavyofanya sisi. Ifungue palepale mbele yake, ushangae, ushukuru, aone kwamba umeipenda. Kuiweka kando ni kumdharau. Nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha ustaarabu. Nikainuka, nikapiga goti nusu, nikakiinua kile kifurushi kwa mikono miwili, nikaingia nacho ndani hadi mezani, nikakifungua mlango ukiwa wazi ili wanione.

Lilikuwa jembe. Jipya, halina mpini, bado lina mafuta ya dukani. Nilishangaa, lakini nikakumbuka mafunzo yangu. Nikatoka nalo mlangoni nimelibeba kifuani, nikawashukuru sana, nikasema ni jembe zuri ambalo mfano wake sijawahi kupewa maishani, na kwamba nitalitia mpini nianze kulilimia kesho.

Wale wanawake wakatazamana. Kisha wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Wakaniinukia, wakanikumbatia, mmoja akafungua pindo la kanga yake, akatoa unga, akanipaka kwenye paji la uso na mashavuni. Nami nikawa nacheka na kulia, nikijisemea kwamba hata watu wa Momba wamesikia nimerudi.

Vigelegele ndivyo vilivyomleta mdogo wangu. Alikuwa kwa shangazi, nyumba ya tatu, akisukwa. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimeshakamilika na za upande wa pili zimesimama. Alikuja mbio, akasimama mwisho wa uwanja. Aliniona mimi, akaona unga usoni pangu, akaona jembe. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondokwa na furaha namna ile. Alinisogelea, akanishika mkono akaniamkia kama inavyompasa, akageuka akaingia jikoni.

Hapo ndipo nikaelewa, taratibu, kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi kikombe kwa kikombe.

Desturi hiyo niliijua kwa kusikia tu, maana posa zote za ukoo zilifanyika nikiwa shule. Kwetu wajumbe huja na jembe lisilo na mpini. Huliweka kizingitini na kukaa kimya. Binti huitwa na shangazi yake. Akiliinua na kuliingiza ndani, amekubali. Asipoligusa hadi wageni wamalize kula, wanaondoka nalo, na hakuna aliyetukanwa. Wale wanawake walikuwa shangazi wa kijana aliyekuwa anamposa mdogo wangu, hawajawahi kumwona binti mwenyewe, na mshenga aliyemjua ndiye yule mzee mwenye magoti. Alikuwa amewaagiza waweke kifurushi mlangoni na wasiseme lolote. Wakatii.

Kijana mwenyewe alikuwa bwana mifugo huko Chitete. Alikuja kwetu mwaka uliotangulia kuchanja ng'ombe, na kila mara akawa anasahau kifaa fulani ili apate sababu ya kurudi. Mama alimpenda. Baba hakumtaka. Alisema watu wa ng'ombe hawana kwao, leo wako Momba, kesho utasikia wamefika Ruvuma, na mwanao yuko huko nyuma ya mikia. Alikubali wajumbe waje kwa shingo upande tu, baada ya mama kumsema msimu mzima.

Kwa hiyo wazee walipokusanyika, baba na shangazi na mama na yule mshenga aliyefika akihema, baba ndiye pekee aliyeonekana ametulia. Alisema jembe likishainuliwa halirudishwi kizingitini, na aliyeliinua siye aliyeposwa. Kwa hiyo hakuna posa. Wageni wale chakula, wapumzike, warudi nalo, tutazungumza mwakani. Alisema kwa upole kabisa, na nilijua kwamba mwakani maana yake ni kamwe. Wale shangazi wakaanza kukaza kanga zao. Mmoja alimwambia mshenga kwa sauti ya chini, lakini nikasikia, kwamba kwao mtu hadanganywi kwa kuonyeshwa binti mkubwa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na nilijua mdogo wangu anasikia kila neno.

Nikapiga magoti mbele yao, nikiwa bado na unga usoni, nikasema kosa ni langu peke yangu. Nikaeleza habari za yule bibi wa Ulaya na zawadi zake. Kwa lugha yetu habari ile ilisikika ya kipuuzi kuliko nilivyotarajia. Mshenga alifunika mdomo kwa kofia. Shangazi yetu, ambaye hajawahi kucheka mbele ya kaka yake, alitazama pembeni muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Kisha akakata shauri. Shangazi kwetu ndiye mwenye neno katika mambo haya, hata baba hulazimika kunyamaza.

"Jembe la posa halina mpini," alisema. "Likipata mpini ni jembe la kulimia kama mengine. Huyu amesema mwenyewe atalilimia. Basi litiwe mpini, alilimie mbele ya wageni, liwe jembe la nyumba. Wao watatafuta jingine."

Kila mtu akamtazama baba, kwa maana mpini hutiwa na mwenye nyumba. Baba alitazama jikoni. Sijui aliona nini pale mlangoni, maana mimi nilikuwa nimempa mgongo, ila uso wake ulilegea. Akakohoa, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, na baada ya muda tukasikia akigonga.

Mshenga akashuka tena kilima na magoti yake kwenda dukani kununua jembe la pili. Mimi nikapelekwa kwenye bustani ya nyuma nikiwa na viatu vya Ulaya. Ardhi ya Julai kwetu imekauka, kulima wakati huo ni adhabu, na wale shangazi wa Chitete walisogeza viti vyao karibu waone vizuri. Mikono yangu ilikuwa imezoea kalamu kwa miezi sita. Tuta la kwanza halijaisha, malengelenge yameshapasuka. Walianza kunitania, kwamba wamebahatika, wangepewa huyu, ng'ombe wao wangekufa njaa, na nikajua kwa utani ule kwamba wamesamehe.

Mdogo wangu akatoka jikoni, nywele zake nusu zimesukwa, akainama mbele yangu akiokota mawe ili jembe lisigonge. Tukaenda hivyo hadi katikati ya tuta. Nikamwomba msamaha. Akasema haidhuru. Nikamuuliza kwa nini basi hawakuyamaliza nikiwa huko, nisingepata nafasi ya kuharibu.

Alitupa jiwe kando. "Walitaka kuja mwezi wa tatu," akasema. "Nikawaambia dada yangu yuko safarini. Wakauliza tena mwezi wa tano, nikasema vilevile. Baba alifurahi, alidhani nimebadili mawazo."

"Je, angechoka akaoa mwingine?"

"Angeoa. Lakini nani angenitoa?"

Maana kwetu mdogo hampiti mkubwa hivihivi. Ni lazima mkubwa aseme mbele ya watu kwamba anampa njia. Wangeweza kumweka binamu aseme kwa niaba yangu, imeshafanyika kwa wengine. Yeye alikataa. Alikuwa amepanga wageni waje Alhamisi kwa hesabu kwamba Jumanne nitakuwa nimefika, tutakuwa na siku mbili za kulala na kuzungumza. Siku hizo mbili nilizimaliza kwenye kibanda cha vitenge, nikisimulia theluji. Sikuweza kumwambia. Nikaendelea kulima.

Jembe la pili lilipofika, likawekwa kizingitini kwenye kanga ileile. Shangazi alimalizia nywele haraka, akamshika mdogo wangu mkono akamleta. Baba akaniuliza mbele ya wote kama nampa mdogo wangu njia. Njiani nilikuwa nimejiandalia hotuba nyingi za kurudi nyumbani, na hata moja haikufaa hapo.

"Nampa," nikasema. "Apite."

Akapita. Aliinama, akaliinua kwa mikono miwili, akaingia ndani bila kugeuka, na vigelegele vikapigwa upya, safari hii na mama akiwa mbele yao. Hapo ndipo nilipoelewa nimesema nini. Kule ugenini kila nilipotaja nyumbani nilikuwa namtaja yeye bila kujua, na sasa nimefika, nimemtoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikakimbilia jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikalia kwa sauti ambayo nilitumaini vigelegele vinaifunika.

Mama aliingia kuepua chungu. Aliniona, nikamwonyesha viganja vyangu vilivyochunika, nikasema ni malengelenge.

"Na yeye alilia hivyohivyo siku ulipoondoka," alisema. "Akasema ni moshi."

Akanipa maji ya uvuguvugu ninawe, akanipangusa unga uliobaki shavuni, akaniwekea sinia mikononi niwapelekee wageni chakula.