Hapa Ndani Nyuki Itapitia Wapi?

Mmmm-tok. Mmmm-tok. Pompu ile ndogo ilisukuma maji chini ya majani, halafu ikakohoa kidogo, kama mzee anayesafisha koo akitaka kusema, kisha hasemi. Hata leo, sokoni, katikati ya makelele ya pikipiki, naweza kuisikia.

Ilikuja kutoka Dubai. Mujomba, mudogo wake mama, alikuwa ameenda kununua vitenge, akarudi na kasanduku keupe ka plastiki: chini maji, juu matundu, na taa kali kama jua la saa sita. Unapanda bila udongo. Akakaweka juu ya meza ya jikoni, pale nyumbani kwake Rughenda, mtaa wa Butembo, akakachomeka kwenye batri ya plaki ya jua iliyo juu ya bati. Tantine, mke wake, alicheka mpaka akakaa chini.

"Sisi Banande tunajulikana kwa jembe," akasema, "na weye unatuletea shamba ya kuchomeka na waya!"

Mimi masomo yangu hayakufika mbali, lakini kuota ndoto nilijua. Nikaona papo hapo cha kupanda mule: fraise, yale matunda madogo mekundu. Baba alizilima nyuma ya nyumba yetu Mutwanga, akiwauzia wageni waliokuja kuona mlima. Baba huyohuyo ambaye waasi walimuua asubuhi katika shamba lake la kakao. Mama ndiye aliyemkuta. Tangu tukimbilie Butembo kwa mujomba, mama hakugusa udongo tena. Alilala kwenye godoro nyuma ya mlango wa jikoni, uso ukutani. Ukimpa bugali, alishika tonge mpaka likapoa mkononi. Nilitaka kitu kimoja tu: mama ageuke.

Masista wa parokia walinipa miche mitatu, imefungwa katika jani la mgomba. Niliosha mizizi mpaka udongo wote ukaisha, mama asiuone, nikaisimamisha katika matundu. Ikashika! Majani, kisha maua meupe kama meno ya mtoto. Nikawa naimba. Halafu ua moja moja likaanza kuwa jeusi katikati, likakauka, likadondoka.

"Sijui nakosea wapi," nikasema, nikiyaambia maua yenyewe.

Sauti ikatoka ukutani: "Hapa ndani nyuki itapitia wapi?"

Nilidhani nimeota. "Unasema nini, mama?"

"Madirisha iko inafungwa, na weye uko unangojea matunda. Nani alikufundisha?"

Akaamka. Nikasikia kuku akipiga kelele uani, kisha mama akarudi na unyoya. Akainama juu ya meza, akagusa ua moja, akaenda la pili, akarudi la kwanza, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta.

Tukawa tunafanya hivyo kila asubuhi. Na kula akala. Tantine akamwita Mama Nyuki.

"Nyuki inaumaka pia, bibi ya mudogo yangu," mama akamjibu. "Chunga!"

Nilikimbilia uani nikacheke huko, nisije nikamharibia.

Tunda la kwanza lilipoiva nilimpa yeye. Akalitafuna taratibu.

"Maji tu," akasema. Halafu akatazama mikono yake. "Mais lakini mikono haijasahau. Kakao ya baba yako iko inaozea ku miti. Nitaenda kuiangalia."

Mujomba akasimama. "Yaya, dada yangu, ile njia, hapana. Batu banaenda, habarudi tena."

"Donc basi nitalimia juu ya meza mpaka lini?"

Nilimshika kitenge. Nikamwambia maua mengine yanakuja, nani atayagusa? Akanishika kidevu.

"Weye. Si umeshaona?"

Akapanda pikipiki kungali na ukungu.

Juma halikuisha, simu ikaja. Mujomba alitoka nje kuisikiliza, akarudi amevua kofia. Waasi walikuwa wamemuua mama pia; waliokuwa naye shambani walimzika palepale, karibu na baba, harakaharaka, wakakimbia. Sisi hata mwili hatukuuona.

Nyumba ikajaa watu wa matanga. Mtu fulani alichomoa waya wa mashine ili kuchaji simu. Hakuwa na ubaya. Mimi nilisikia tu kimya kikitoka jikoni. Nikaenda. Tantine alikuwa anamenya ndizi na jirani, hakujua niko mlangoni.

"Bangemuacha alale na ukuta wake," alikuwa anasema. "Leo angekuwa muzima."

Sikumchukia. Neno hilo nimeligeuza mara nyingi, na mpaka sasa sijapata mahali pa kuliweka.

Watu walipotawanyika, miche miwili ilikuwa imekauka. Wa tatu ulibaki na ua moja, limeinamisha kichwa. Nikajaza maji, nikachomeka waya. Mmmm-tok. Unyoya ulikuwa bado pale mama alipouacha, katika ufa wa ukuta juu ya godoro. Nikauchomoa, nikapuliza vumbi, nikaligusa ua kulizunguka. Hakukuwa na la pili la kuendea. Basi nikalirudia lilelile.