Trela Nje ya Lango

Wenzangu wakistaafu hununua ng'ombe wa maziwa. Mimi nilitaka kitanda chenye magurudumu. Nilifundisha jiografia Migori mpaka vumbi la chaki likawa ndiyo manukato yangu. Milima ya Gwassi niliichora ubaoni mwaka baada ya mwaka kama mtu anayeijua, ilhali sikuwahi kulala hata siku moja chini yake. Nilipoachiliwa niliapa kwamba nitazunguka peke yangu, bila kumwomba mtu ruhusa wala lifti, na kwamba kila safari itaanzia na kuishia kwa mama, nyumbani kwetu, ukishuka kutoka Rodi Kopany.

Mama amezeeka. Mguu umemshinda, kanisani hupelekwa kwa pikipiki, na sijui tumebakiziwa Jumapili ngapi za kukaa pamoja barazani. Kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa safari tu. Nilitaka mahali pa kulala karibu naye ambapo si kochi lake.

Hilo kochi linahitaji maelezo. Kwetu binti akiolewa huwa ametoka. Ndoa ikivunjika akarudi, kama nilivyorudi mimi, hupokelewa, hulishwa, hata hupendwa, lakini hana nyumba ndani ya dala, boma la baba yake. Ndugu zake wa kiume wanazo, kila mmoja mahali pake. Akifa, kaburi lake huchimbwa kando, nje ya ua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wanasema. Mimi jembe nilipewa, nikalima, na bado nililala kwenye kochi.

Fundi wangu wa kuchomelea vyuma yuko Migori, barabara ya kwenda mpakani. Ni Mkuria mpole mwenye maringo kidogo juu ya kazi yake, na alikuwa na vitu viwili tayari. Cha kwanza kilikuwa kibanda cha kupachikwa juu ya pikapu yangu: kitanda, rafu, mlango wa nyuma, na dirisha dogo la kupenya hadi kwenye kiti cha dereva. Cha pili kilikuwa trela. Zamani lilikokotwa na trekta likibeba tumbaku huko Kehancha, na harufu haikutoka hata baada ya yeye kulijengea kuta, dirisha lenye pazia, meza na mahali pa jiko la gesi. Lilikuwa na miguu ya chuma inayoshuka, ili ukilifungua kutoka kwenye gari lisimame lenyewe.

“Madam, hii unabeba, hii unakokota,” aliniambia. “Usichague na macho. Jaribu zote mbili, halafu uniambie.”

Nilianza na kibanda, nikaenda nacho Kehancha. Barabarani kilinitii, ingawa upepo wa vilimani ulikisukuma na mimi nikasukumika moyoni. Nilipofika ndipo nilipoanza kununa. Ndani sikuweza kusimama wima. Kila nikiinuka kichwa kilipiga dari. Nikitaka kwenda kununua nyanya, lazima niende na kitanda, sufuria na godoro, kama konokono. Alasiri vijana kadhaa wakanizunguka pale nilipoegesha. Mmoja akagonga ubavuni, akauliza mama huyu analala peke yake au ana mzee. Mwingine akajaribu kitasa. Nikapenya dirishani kama panya, nikaangukia kwenye usukani, nikawasha gari, nikaondoka na sufuria zikipiga kelele nyuma.

Kwa akili ya kawaida uchaguzi ulikuwa umekwisha hapo. Mwanamke anayesafiri peke yake anahitaji kitu anachoweza kukimbia nacho bila kukanyaga nje. Nilimwambia fundi hivyo. Akaniuliza kama nimejaribu trela. Nikasema bado. Akasema basi sijachagua.

Akanifundisha kurudi nyuma, na huo ndio mtihani wa trela. “Shika usukani hapa chini,” alisema. “Unataka mkia uende wapi? Sukuma mkono huko huko. Na pole pole. Ukikimbia itajikunja.” Nilijifunza uwanjani kwake nikigonga mapipa. Kisha nikajitia ujasiri nisiokuwa nao, nikaelekea nyumbani.

Sijawahi kuogopa barabara kama siku ile. Awendo matrekta ya miwa yalinipita na mizigo inayoning'inia, na kila yalipopita trela lilivuta pikapu pembeni, kisha likairudisha. Rongo nikakata kona kuelekea Homa Bay nikiwa nimeuma meno. Rodi Kopany ilikuwa siku ya soko, watu wamemwagika hadi barabarani, na mimi na mkia wangu tukipita katikati ya nyanya na mitumba huku akina mama wakinipigia kelele niangalie watoto. Nilipofika njia ya vumbi ya kwetu nilikuwa nacheka peke yangu kwa uchovu. Nilijiambia kazi imekwisha.

Lango la kwetu ni jembamba na liko kwenye mteremko, kulia kuna mtaro. Pikapu ilikuwa imekwisha kuingia na trela likifuata ndugu yangu alipotokea shambani mbio, jembe mkononi. Ni kitinda mimba wetu, ndiye aliyebaki kwenye boma la baba na ndiye anayelitunza. Alisimama mbele ya gari akainua kiganja.

“Nyaminwa, hiyo haiingii,” alisema. Dada yetu, aliniita. Hata salamu sikupewa.

“Haiingii kwa nini? Ni gari.”

“Hiyo ni nyumba.”

“Ina magurudumu!”

“Ina mlango, ina dirisha, ina pazia. Na hiyo miguu ya chuma ni ya nini? Ukiifungua itasimama. Utapika ndani, utalala ndani. Si hapo umejenga ndani ya dala ya baba?”

Nikamwambia, kwa sauti ya darasani, kwamba nyumba njema si mlango. Hakucheka.

“Mimi sijasema njema. Nimesema nyumba. Na tangu lini mwanamke akaanzisha nyumba, bila mwanamume wa kusimika hata nguzo ya kwanza? Nani amekusimikia?”

Ningeweza kumwonea huruma. Ndugu yangu alizika mtoto wake wa kwanza, na kuna wazee waliomnong'oneza kwamba ni chira, ile balaa inayofuata nyumba ikivunja mwiko. Tangu hapo hachezi na desturi. Najua hayo yote. Lakini nilikuwa nimetoka Migori nikikaza meno, na hasira ikanitangulia.

“Kuku wako wana nyumba humu ndani,” nilimwambia. “Kuku! Mimi niliyekubeba mgongoni sina.”

Uso wake ulijikunja, lakini kiganja hakikushuka. Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama barazani ameshika fimbo, mkono mwingine juu ya macho akikinga jua. Nilingoja aseme neno moja tu. Aligeuka polepole, akaingia ndani. Hilo liliniuma kuliko yote aliyosema ndugu yangu, na sitadanganya kwamba sikulia.

Basi ikabidi nirudi nyuma. Peke yangu, kwenye mteremko, machozi yamejaa, na mtaro upande wa kulia. Nilishika usukani chini kama nilivyofundishwa nikasukuma mkono. Trela likaenda nilikotaka, kisha likachoka kunitii, likaanza kujikunja. Nikasikia mlio wa chuma. Gurudumu moja lilikuwa ukingoni mwa mtaro, na udongo ukaanza kumeguka chini yake. Nikakanyaga breki nikabaki hivyo, nikijua nikiuachia tu tutaanguka wote.

“Simama! Usiachilie!” Ndugu yangu alikuwa ametupa jembe. Nilimwona kwenye kioo akipita mbio, akaleta mawe, akayasukumiza nyuma ya magurudumu. Akasimama mahali ninapomwona. “Sasa mbele kidogo. Kidogo! Haya. Kata kushoto. Rudi. Rudi pole pole, nakuona.”

Akaniongoza hivyo hivyo, kwa mikono na kwa sauti ya upole ambayo sikuisikia kwake siku nyingi, mpaka trela lote likawa nje ya lango, kwenye kiwanja kando ya njia ambapo ng'ombe hufungwa mchana. Alikuja dirishani akihema.

“Nyaminwa, sikufukuzi. Si ulisema kuna ile nyingine, ya kubebwa na gari? Lete hiyo. Hiyo ni gari, haina neno. Utaegesha hata mlangoni kwa mama, ukae unavyotaka.”

Alikuwa akisema kweli. Kibanda kingeingia. Ningelala hatua chache kutoka kitandani kwa mama, salama, bila ugomvi, dirisha la kupenyea likiwa tayari. Fundi alikuwa ananisubiri. Kila kitu kilisema kibanda.

Lakini neno lake lilikuwa limenikaa kooni. Hiyo ni nyumba. Nilikaa kwenye ndoa katika nyumba ya mume, Migori nikapanga nyumba ya watu, kwa mama nikalala kochini. Katika maisha yangu yote, mtu wa kwanza kuniambia kwamba nina nyumba alikuwa ndugu yangu, akinizuia kuingia nayo. Nilishuka, nikalifungua trela kutoka kwenye gari, nikaanza kuteremsha miguu ya chuma.

“Unafanya nini?” aliuliza.

“Najenga,” nilisema. “Niko nje ya ua. Si huku ndiko mlikonipangia?”

Aliokota jembe lake akarudi shambani.

Ujasiri huo haukufika hata magharibi. Nilipofunga mlango nikakaa kwenye meza yangu mpya inayonuka tumbaku, hofu ilinijia upya. Nikichagua trela, ninachagua kukaa nje. Mama hajavuka lango kwa miguu yake tangu mguu umshinde. Na si mguu tu. Kwetu mama haendi hivi hivi kwa mkwe. Hungoja mwaliko wenye heshima zake, na ndoa yangu ilivunjika kabla mwaliko huo haujaiva. Kule Migori pia hakuwahi kufika. Alisema nyumba ya kupanga si nyumba. Kama hili nalo hatalikubali, basi nitakuwa nimejitenga naye kwa ukaidi, katika miaka hii michache iliyobaki. Nikaamua kwamba asubuhi nitachemsha chai. Chai ikiisha bila mama kutokea, nitalirudisha trela Migori nichukue kibanda, na nitaegesha uani kwa adabu kama gari la mgeni.

Asubuhi nikachemsha. Nilikunywa polepole kwa makusudi, nikiuonea haya ujanja wangu mwenyewe. Jogoo, ndoo, sauti ya wifi yangu, mke wa ndugu yangu, akiita watoto. Chai ilibaki kidogo kikombeni, ikapoa, nikaizungushazungusha. Hakuna mtu. Nikamalizia kilichobaki, nikaosha kikombe, nikakifuta, nikakining'iniza. Nikatoka kukunja miguu ya chuma.

Nilimkuta njiani. Alikuwa amekwisha kuvuka lango, peke yake, fimbo mkono huu, kikapu mkono ule, akiburuta mguu na kupumzika kila baada ya hatua kadhaa. Ndugu yangu alisimama kwenye nguzo ya lango, amemkodolea macho. Nikataka kukimbia kumshika.

“Rudi ndani,” mama alisema. “Mwenye nyumba hapokei mtu barabarani.”

Nikarudi ndani kama mtoto, nikasimama nyuma ya mlango wangu nikisikiliza fimbo. Ilifika, ikanyamaza. Nilisubiri hodi. Haikuja. Nikachungulia pazia nikaelewa: ngazi ya trela ilikuwa juu mno kwa ule mguu. Alijaribu kuuinua, akashindwa. Akajaribu tena. Nikashika kitasa, kisha nikakumbuka alivyoniagiza, nikabaki nimekishika.

Ndugu yangu aliondoka langoni, nikadhani anakuja kumrudisha. Lakini alipita kwanza nyuma ya nyumba ya mama, akatokea amekumbatia jiwe pana ambalo mama husugulia miguu. Alilibeba mpaka nje ya ua, akapiga magoti mbele ya mlango wangu, akachimba kidogo kwa vidole, akalilaza, akalitikisa lisicheze, akalikanyaga kwa mguu wake mwenyewe kulijaribu. Hakuangalia dirishani. Alimpa mama bega lake, mama akapanda juu ya jiwe, yeye akarudi zake langoni.

“Hodi,” mama akasema. “Hodi humu.”

“Karibu, Mama.” Nikafungua mlango. “Karibu kwangu.”

Kikapuni mlikuwa na unga na mwiko mpya. Alikaa kitandani, akanusa hewa, akasema nyumba yangu inanuka tumbaku, na kwamba pazia limeshonwa vibaya.

Fundi alipouliza nimechagua nini, nilimwambia trela. Nimelala nalo chini ya Gwassi, nimelala nalo ufukweni Homa Bay, na bado naogopa kurudi nyuma. Kila ninapoondoka kwetu nakunja miguu ya chuma na kuliacha jiwe palepale. Nikirudi nalikuta, na nyasi zilizolizunguka zimefyekwa.