Picha Moja, Karatasi Moja

Nimechoka na mambo ya picha, na niseme mapema kabla hamjanihurumia: sheria iliyoniumiza niliitunga mwenyewe.

Tulikuwa watu kumi na wachache, wengine wa Kawangware, wengine wa Kibera, kila mtu na kazi yake ya kumlisha, na simu au kamera ya mitumba ya kumliwaza. Mimi ndiye niliyeleta wazo la kuosha picha zetu kwenye karatasi, tukutane, tubadilishane, maana picha zikikaa kwa simu zinafia humo humo. Basi wakaniita chair, mwenyekiti wao. Uchair wenyewe ni kubembeleza watu wazima. Huyu anauliza karatasi iwe saizi gani, nimeshaandika mara tatu kwenye grupu. Yule anasema "niko njiani" na bado anaoga. Kanisa moja la Riruta lilitupa ukumbi katikati ya mazoezi ya kwaya mbili, na nani alipanga viti? Nani alifagia? Si chair!

Sheria yangu ilikuwa hii: picha moja, karatasi moja. Unaleta picha yako imefungwa kwa gazeti, inachanganywa na za wengine, na kabla ya kuokota ya mwenzako unasimama mbele ya watu unaifuta kwa simu. Unaifuta hata kwenye takataka ya simu, hata ile iliyojihifadhi mtandaoni. Nilitaka atakayeipata ajue hakuna nyingine duniani. Watu walipiga makofi, nami nikavimba kichwa.

Mimi nilipeleka picha ya mamangu. Mama alikuwa hapendi kamera kabisa. Ukimwelekezea anafunika uso na kukufukuza, "Enda upige wenye sura!" Lakini siku moja alikuwa mlangoni kwake Kawangware, uteo wa maharagwe mapajani, jirani akasema jambo, akacheka kabla hajakumbuka kwamba niko. Nikaipata. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, na chair hawezi kuletea watu makapi. Nikasimama, nikafuta, nikaonyesha simu huku na huku wote waone. Nilijiambia mama yuko nyumbani mzima, nitampiga nyingine.

Iliokotwa na fundi wa kuchomelea mageti kutoka Laini Saba, kule Kibera, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Mimi nilipata picha ya reli na dimbwi la maji.

Sikumpiga mama nyingine. Nilikuwa nikipanga mkutano wa pili wa kubadilishana, naandikia watu, nabembeleza, nakosa usingizi kwa ajili ya viti. Mama alianguka Jumanne. Kufika Alhamisi alikuwa ametuacha.

Dadangu ndiye alikuwa anashughulikia programu ya mazishi. "Tuma picha ya mum," akaniambia. "Wewe ndiye mpiga picha." Nikafungua simu. Kulikuwa na mitaro, paka, mabati yanayong'aa jua, wazee wa watu nisiowajua hata majina. Mama hakuwemo. Studio iliyonioshea walikuwa wameshafuta zamani. Nikamwandikia fundi aipige picha ile karatasi anitumie.

"Pole sana chair. Network inasumbua."

Kesho yake akasema simu imezima. Siku ya tatu nikaona huyu ananichezea, nikaenda mwenyewe Laini Saba.

Nilimkuta kazini. Alizima mashine, akapangusa mikono kwenye suruali. "Karibu, chair. Pole kwa mama." Hakuniangalia. Nikamwambia sikuja kukaa, nimekuja kuchukua picha, tunazika kesho. Akanipeleka kwenye chumba chake, hapo hapo nyuma ya karakana.

Ilikuwa kwenye msumari kando ya mlango, bila kioo. Maharagwe yalikuwepo, uteo ulikuwepo, na mikono ya mama. Juu yake, mahali pa uso, kulikuwa na doa jeusi, na katikati ya doa karatasi imechunika, nyeupe.

"Umemfanya nini mamangu?" Nilipiga kelele mpaka majirani wakanyamaza.

"Mimi mamangu alikufa nikiwa mdogo, kule nyumbani," akasema. "Hakuacha picha. Sasa huyu, vile alikuwa anacheka, nikaanza kumsalimia. Kila asubuhi kabla sijafungua kazi, namgusa tu hivi." Akainua kidole, halafu akakirudisha chini. "Mikono yangu ina unga wa vyuma, chair. Sikuona akiisha. Nilipoona, nikaogopa kukuambia."

Nilikuwa na matusi tayari mdomoni. Hayakutoka. Huyu alikuwa amemsalimia mama kila asubuhi tangu siku ile ya kanisani, nami ninayekaa dakika kumi kutoka kwa mama nilikuwa napita mlangoni pake nikisema nina haraka, nina mkutano wa picha. Haki ya Mungu, niliona wivu.

Akaitoa kwenye msumari. "Beba. Ni mama yako."

Niliishika kitambo. Kisha nikairudisha ukutani mwenyewe, nikanyoosha ukingo uliojikunja. "Wewe endelea kumsalimia," nikamwambia.

Kesho yake tuliweka juu ya jeneza picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka imepoteza rangi, mama amekaza uso kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri. Tata, dada mdogo wa mama, aliitazama sana. Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote, akaniuliza, "Kwani hapa kwenu si wewe ndiye hupiga picha?"

Nikamwambia ndiyo, tata, ni mimi.