Alhamisi Tuliyomngoja Sultani Kucha

Mwaka wa 1996 nilizabwa kofi Liwatoni, mchana kweupe, mbele ya wapara samaki, kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mtu mwenyewe aliitwa Sultani Kucha. Alikuwa adui kwenye kitabu cha katuni.

Jamani, najua mshaanza kucheka. Nisomeni mpaka chini, kisha kila mtu aamue mwenyewe mimi nastahili nini.

Naitwa Kahindi. Kwetu ni Kaloleni, lakini mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, kazi yangu kuandika vibao vya maduka kwenye karakana moja pale Makadara. Mwenzangu kazini alikuwa Zakariya, mtoto wa Mji wa Kale, mwembamba kama mpini wa brashi. Mkono wake kwenye rangi ulikuwa haumithiliki. Mimi nikiandika HOTELI BORA, yeye anachora kuku wa kukaangwa pembeni, ukimtazama unameza mate.

Tukitoka kazini Zaka alikuwa na kazi yake nyingine. Madaftari.

Alikuwa anachora hadithi ndefu ya katuni, Mlinzi wa Lango. Stelingi, shujaa mwenyewe, ni kijana anayelinda mji. Maadui ni watatu: Malkia Pilipili, ambaye akikupulizia macho hayaoni tena; Dubwana la Bandarini, ambalo chakula chake ni makontena; na mkubwa wao, Sultani Kucha.

Sasa mchezo wetu ulikuwa huu. Hadithi ikifanywa sinema, nani aigize adui gani?

Tulibishana miaka miwili, brashi mkononi. Mimi nilitaka waigizaji wa Kihindi, wale wa macho mekundu na pete kila kidole. Zaka hatosheki.

"Huyo mnene mno."

"Na yule wa masharubu?"

"Yule akicheka haogopeshi. Labda awe bawabu wa Sultani."

Stelingi hatukumjadili hata siku moja. "Stelingi yeyote atafaa," alikuwa akisema. "Sinema ni adui."

Mwezi wa tano akaanza kushuka ngazini ameshika kifua. Mara miguu ikavimba. Hospitali walimlaza wiki tatu, halafu wakamwita mamake, Bi Mwanaesha, wakamwambia moyo wa mwanawe uliharibika tangu utotoni, na wao hawana la kufanya tena. Akarudishwa nyumbani.

Nyumbani ni orofani, Kibokoni, chumba chenye dirisha linalotazama uchochoro. Tukamtandikia pale dirishani apate upepo.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumtazama akaniambia, "Kahindi, wale Wahindi nimewafuta wote."

"Kwani wamekukosea nini?"

"Hawanijui. Nataka watu wa hapa hapa, wanaoweza kupanda ngazi hii wakaja."

Basi nikaingia mitaani kutafuta maadui.

Wa kwanza Bimdogo, muuza viazi karai wa barabara ya Mama Ngina, mwanamke ambaye sauti yake inakufikia kabla hujaiona meza yake. Nilimwambia amechaguliwa kuwa Malkia Pilipili. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Malkia nitakuwa. Lakini mwambie taji sitaki la karatasi."

Wa pili Chonga, mkata tikiti kwenye mlango wa sinema, mtu mrefu huyo, akiingia ndani lazima ainame. Nilipomtajia Dubwana, alitoa kitambaa akafuta macho.

"Tangu nizaliwe," akasema, "sijachaguliwa kitu."

Kila Alhamisi alasiri tukawa twakutana pale orofani kwa mazoezi. Bi Mwanaesha analeta kahawa na kaimati, Bimdogo ananguruma, Chonga anasahau maneno yake, na Zaka kwenye mito yake anasema, "Tena! Tena, hujaogopesha!" Mtu alikuwa anakufa chumbani mle, na sisi tulikuwa tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Alibaki Sultani.

Na hapa niwaambie jambo. Sultani Kucha hakuwa na uso. Madaftari sita mazima: kilemba kipo, joho lipo, kucha zipo ndefu kama visu, lakini mahali pa uso pana duara tupu. Nikimuuliza Zaka, ananijibu, "Bado sijampata."

Siku moja tukiwa wawili tu, akasema, "Nimempata."

"Nani?"

"Jamaldin. Fundi wa injini za mashua, Liwatoni."

"Ndiye nani huyo?"

"Babangu."

Niliweka kikombe chini. Miaka yote ile tumefanya kazi pamoja, na jina hilo sijalisikia. Mimi nilidhani babake ni marehemu. Kumbe yuko hai, anakaa Tudor na mke mwingine, na tangu Zaka ana miaka saba hajakanyaga Kibokoni. Kutoka Tudor mpaka Kibokoni mtu anakwenda kwa miguu na hata jasho halimtoki.

"Nenda kamwite," Zaka akaniambia. "Lakini niapie kwanza. Usimwambie naumwa. Nataka aje kwa sababu ya kazi. Sitaki aje kwa kunihurumia."

Nikaapa.

Nilimkuta mzee Jamaldin ameinamia injini, mikono imejaa grisi. Wanawake wanapara samaki hatua chache tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Nimetumwa na mwanao, Zakariya. Ametunga sinema. Amekuchagua uwe... uwe adui mkubwa."

Alijipangusa mikono kwa kitambaa, pole pole, kidole kimoja kimoja. Nikadhani anataka kunipa mkono.

Pwaa!

"Mwambie aliyekutuma," akasema, "akiwa ana la kunambia aje mwenyewe. Asiniletee watu wa kunitukana mbele za watu!"

Wapara samaki walicheka hadi visu vikawaanguka. Mimi nikaondoka na shavu langu linawaka.

Zaka aliniona tangu naingia uchochoroni. Nilipofika juu alikuwa ameketi wima, kitu ambacho alikuwa hakiwezi tena.

"Kasemaje?"

Nilimtazama yale macho. Na wewe unayesoma, ungekuwa ndiye mimi, ungesema nini?

"Amekubali," nikasema.

"Wallahi?"

Mimi Mkristo wa Kaloleni, nikasema, "Wallahi."

Siku ile ile alichora uso wa Sultani. Hakuwa na picha ya kutazamia. Alianzia daftari la kwanza, akajaza duara moja moja, mpaka vidole vikashindwa. Bi Mwanaesha alikuja kuchukua vikombe, akaona, akasimama. Kisha akanifuata ngazini.

"Kahindi, mwanangu. Ile ni sura ya Jamaldin wa miaka kumi na saba nyuma. Mimi namjua mtu yule. Amekubali kweli?"

Nikashuka ngazi moja.

"Haya," akasema. "Na siku mwenzio akimtaka, utampa nini?"

Nikaendelea kudanganya. Wiki hii Sultani ana mashua mbili za kutengeneza. Wiki ijayo Sultani ana mafua. Sultani amesema kicheko chake kitakuwa kizito, si cha kelele. Kila uongo Zaka aliupokea kama mtu mwenye njaa apokeavyo mkate, na akauchora. Sultani akapata mafua kwenye daftari.

Mpaka akasema, "Alhamisi hii lazima. Mwambie mimi ndiye mkubwa wa kazi, nimemwita."

Pumzi zake zilikuwa zimeshakuwa fupi. Aliponipa daftari la mwisho, lile alimoandika maneno ya Sultani, alilishika kwa mikono miwili.

Nilirudi Liwatoni. Jamaldin aliniona, akageuka upande wa pili. Nikaliweka daftari juu ya sanduku lake la spana.

"Mzee, sikuja kubishana. Maneno yako yote yamo humu. Alhamisi saa kumi, Kibokoni, nyumba ile ile."

Hakugeuka.

Nilisimama nyuma ya mgongo ule kwa muda. Maneno matatu yalikuwa kwenye ulimi: mwanao anakufa, mzee. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikayameza, nikaenda zangu.

Alhamisi ikafika.

Bimdogo alikuja na taji la bati alilokatiwa na fundi, amelisugua linang'aa. Chonga amevaa gunia jeusi. Zaka alitaka avalishwe shati jeupe, akavalishwa. Saa kumi ikagonga. Kila kishindo cha miguu uchochoroni, anainua shingo. Ni muuza maji. Ni watoto wa chuo cha Kurani wanarudi. Ni mtu na punda.

Saa kumi na moja. Bimdogo alivua taji, akalishika magotini kama bakuli. Magharibi ilipoadhiniwa, wakaaga mmoja mmoja, wakashuka.

Tukabaki wawili.

"Kazi imemshika," nikasema. "Si unajua mambo ya..."

"Kahindi." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nisogee. "Wewe wafikiri nimemfanya adui kwa kuwa namchukia?"

"Si ndiyo?"

Akatikisa kichwa. "Tazama madaftari. Stelingi ana mtu mwingine? Hana. Amka yake, lala yake, anamtafuta Sultani. Na Sultani naye hana kazi nyingine duniani ila stelingi. Anaacha dhahabu, anaacha majumba, kila ukurasa yuaja kwake." Akapumzika kidogo. "Nilitaka aje, Kahindi. Hata kwa ubaya. Mradi kila ukurasa aje."

Ndugu zangu, nilishuka ngazi zile sizioni.

Zakariya alifariki Jumamosi asubuhi, mamake amemshika mkono, chai haijamiminwa. Tukamzika baada ya adhuhuri.

Saa kumi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi uchochoroni pamoja na waombolezaji, nikaona mtu anakuja. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, na kwapani kitu cha ukubwa wa daftari kimefungwa gazeti.

Mzee Jamaldin.

Nilinyanyuka mbio nimuwahi kabla hajafika. Alidhani namkimbilia kumlaumu, akaanza kujitetea pale pale, haraka haraka, kama mtoto aliyechelewa chuoni.

"Kijana, najua, nimechelewa siku mbili. Nisikize. Mimi sijui kusoma. Hawa wa Liwatoni wote hawajui kuwa sijui, isipokuwa Wanza, mama mmoja wa Kikamba anayepara samaki pale. Yeye ndiye aliyenisomea, kila siku wakati wa chakula, nami narudia. Alhamisi nilikuwa nimeshika nusu tu. Nikasema, nikienda hivi nitamuaibisha mtoto mbele ya wenziwe. Leo nimetoka kazini nusu siku nikaja. Nimeyashika yote. Nijaribu. Sema ukurasa wowote."

Ndipo akatazama nyuma yangu. Akaona majamvi. Akaona wazee na misahafu. Akamwona Chonga, jitu zima, ameegemea ukuta analia kwa sauti.

"Nani?" akaniuliza.

Nikamvuta kando.

"Nani, kijana? Mwanaesha?"

"Zaka, mzee. Alikuwa mgonjwa. Tangu mwezi wa tano."

Akanishika bega, si kwa hasira, alikuwa anatafuta pa kujishika.

"Ulikuja kwangu mara mbili," akasema. "Mara mbili. Mbona hukunambia?"

"Aliniapisha."

"Ningekuja na nusu," akasema. "Wallahi ningekuja na ile nusu."

Alitaka kupelekwa makaburini, nikampeleka. Mchanga ulikuwa bado mbichi. Akachuchumaa, akasoma Fatiha. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Kwa nini adui? Niambie kweli."

Nikamwambia. Maneno ya Zaka, kama alivyoyasema, sikupunguza wala kuongeza. Kwa mara ya kwanza tangu mchezo ule uanze, nilisema kweli tupu.

Mzee alifunika uso kwa mikono. Halafu akajikaza, akasimama, akaweka kanzu sawa. Akaanza.

"Mlinzi! Ni mimi, Sultani Kucha. Nimevuka milango saba kukufikia."

Akanyamaza. Nikadhani amesahau. Hakuwa amesahau. Pale palikuwa mahali pa Mlinzi kujibu, naye alikuwa anangoja jibu.

Alipoona muda umetosha akaendelea. "Majumba yangu nimeyaacha. Nimekujia wewe tu."

Akangoja.

Ukurasa hadi ukurasa, hakuruka neno, na kila zamu ya Zaka ilipofika aliinamisha kichwa akampa nafasi yake yote. Mimi nilikuwa nimetoka, nikakaa chini nje ya ukuta wa makaburi, nikasikiliza kimya kile mpaka mwisho.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, labda kuna mtu anakungoja na wewe unajitayarisha. Unatafuta maneno mazuri, unatafuta siku nzuri. Acha. Nenda na nusu.

Na kama umeapishwa kumficha mtu ugonjwa wa mwanawe, usiniulize mimi dini inasemaje. Mimi kiapo changu nilikitimiza, sawasawa kama nilivyoambiwa, na mpaka leo sijafanya jambo jingine ninalolijutia kama hilo.