Mawese Ndani ya Pikipiki ya Mjomba

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani hata baada ya miaka yote hii. Nimeona nikusimulie leo, maana jana nilikuona umepiga magoti mbele ya pikipiki yako, funguo za fundi mkononi, uso umekunjamana, na hukumuuliza mtu yeyote neno.

Ilikuwa Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Mjomba wangu Ramazani alikuwa na pikipiki nzito ya zamani. Macho yake yalipoanza kufifia aliniachia mimi niendeshe, naye akawa anakaa nyuma. Nilikuwa kijana wa haya nyingi. Kumsalimia tu mtu nisiyemzoea kulinitoa jasho.

Jumapili moja tulitakiwa kufika kijiji cha Wamaza kuniposea msichana aitwaye Asha. Watu wa kwao walikuwa wametuambia wazi: baba yake mdogo, ambaye ndiye mwenye neno katika nyumba ile, ataondoka mchana kwa kamio, lori la mizigo, kurudi kazini kwenye migodi, na hatarudi upesi. Familia nyingine ilikuwa imekwisha kuja kumwomba Asha. Tusipomkuta, jibu litakwenda kwa wale wengine.

Jumamosi mchana mjomba akaniambia, "Badilisha mafuta ya kushoto. Safari ni ndefu."

Pikipiki ile ilikuwa na mafuta mahali patatu: ndani ya mota, ndani ya gia, na ndani ya kifuniko kirefu cha upande wa kushoto. Humo kwenye kifuniko mna mnyororo mfupi unaotoa nguvu ya mota na kuipeleka kwenye ambrayaji, yale mabamba yanayoshika na kuachia unapobana mkono wa usukani. Mafuta ya humo ni mepesi, na ni ya humo tu.

Nilianza vizuri. Niliwasha mota mpaka ikapata joto, nikaisimamisha pikipiki wima, nikafungua visi ya chini, ile skrubu ya kutolea mafuta. Mafuta ya zamani yakatoka meusi. Nikafuta visi, nikairudisha, nikageuka kutafuta kitambaa, na kisigino changu kikapiga bido, dumu dogo la mafuta mapya. Udongo ukayanywa yote.

Jirani yetu Baba Yuma alikuwa fundi, na hakukosa mafuta yale. Nilikwenda hadi mlangoni kwake. Nikasikia watu wanaongea ndani, wanacheka. Mkono wangu ulikuwa umeinuka nibishe hodi, nikaushusha, nikarudi nyumbani.

Jikoni kwa mama kulikuwa na mawese ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo, mekundu, bado yana joto la moto. Sisi wote wa Kasongo tulipaka mawese kwenye minyororo ya baiskeli zetu, na baiskeli zilikwenda. Nikajiambia, huu nao ni mnyororo. Nikayamimina, nikafunga. Mjomba alipouliza kama kazi imekwisha, nilisema ndiyo.

Asubuhi kulikuwa na baridi na mawese yalikuwa yameganda humo ndani. Nilibana ambrayaji, nikaingiza gia, lakini mabamba yalikuwa yamegandamana, hayakuachia. Pikipiki ikaruka mbele kama mbuzi aliyepigwa fimbo.

"Polepole, mwipwa," mjomba akasema. "Hii mifupa iko ya zamani kuliko pikipiki."

Tukaenda. Jua likapanda, mota ikapata moto, na kwenye kilima cha kwanza kirefu mambo yakageuka. Mawese sasa yalikuwa maji, mabamba yakawa yanateleza. Mota ilinguruma sana na sisi tulikwenda mwendo wa mtu aliyebeba kuni. Tena harufu ikaanza kupanda.

"Mwipwa," mjomba akasema nyuma yangu, "nani anapika sombe huku porini?"

"Sijui, mjomba."

"Hata mimi sijui. Lakini sufuria tunaenda nayo."

Nikasimama. Nikamweleza yote, nikiangalia gurudumu. Hakunigombeza kwa sauti. Alisema, "Kumwaga si kitu. Mikono ya mutu inamwaga. Kosa iko pale mulangoni kwa Yuma, uliporudi. Na ingine iko pale uliponiambia kazi imekwisha."

Nikafungua kifuniko, nikamwaga mawese, nikaosha mabamba moja moja kwa esansi, petroli kidogo ya tangi, nikayafuta kwa shati langu. Mbele kidogo palikuwa na magazini, ghala la pamba, na kamio imesimama inapakiwa. Mjomba akakaa juu ya jiwe.

"Nenda ukaombe mafuta."

"Mjomba, wewe ndiye mkubwa. Watakusikia."

"Ni mimi ninaoa?"

Nilikwenda. Nikamweleza dereva mbele ya wapakiaji wote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na pilipili mulitia?" Wakacheka wote, mmoja akakaa chini kwa kicheko. Nikabaki nimesimama. Basi dereva akaingia ndani ya kamio, akanipa mafuta mepesi, akaja mwenyewe kunionyesha visi ndogo ya ubavuni: unaifungua, unamimina kwa juu mpaka mafuta yaanze kutona pale, ndipo unafunga. Wala usizidishe.

Tulifika Wamaza kamio nyingine inanguruma, na baba mdogo wa Asha ameweka mguu mmoja kwenye ngazi yake. Aliangalia shati langu, jekundu huku, jeusi kule.

"Hawa ni wakwe ao wapishi?" akauliza.

Kwetu anayeposa hafungui kinywa. Mkubwa wake ndiye husema. Nikamwangalia mjomba. Mjomba alikuwa anaangalia miti. Basi nikasema mimi. Nilisema juu ya bido, juu ya mlango wa Baba Yuma, juu ya mawese, na kwamba nilimdanganya mjomba wangu.

Yule mzee alimwambia dereva azime mota. Akamwita Asha, akamwuliza mbele yetu sote, "Wamekuja watu wawili. Wa juzi alisema hajapata kufanya kosa lolote. Huyu umemsikia. Unataka nani?"

Asha akasema, "Huyu anayesema kweli."

Mwanangu, kwa hiyo nakuambia. Ukibadilisha mafuta, jua kila mahali panataka yapi, wala usiweke kitu kwa sababu tu kiko karibu na mkono. Usipojua, bisha hodi kwa anayejua. Watakucheka, ndiyo, na kicheko kitakwisha kabla hujafika kwako. Ukiharibu, sema siku ileile, kitu kikiwa bado nyumbani na kinaweza kutengenezwa. Kuwa na haya si mbaya, mimi ninayo mpaka leo. Ila usiiache ikuamulie mambo.

Mungu akupe mikono mitulivu na akupe watu wazuri wa kuwauliza. Uende salama, ufike kwa wakati, na wale unaowaendea wafurahi kukuona. Amina.